Kumfuata nkambo katika karatasi: mwongozo wa kutafuta ukoo kwa familia za Lubumbashi

Hapa Lubumbashi ni familia chache ambazo wazee wao wa kwanza walizaliwa mjini. Mji ulianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, reli kutoka kusini ikaufikia mwaka huohuo, na mwaka 1911 tanuri la Union Minière, kampuni ya machimbo ya shaba, likamimina shaba yake ya kwanza. Watu waliojaza makambi ya wafanyakazi walitoka Lomami, Kasai, Maniema, kando ya ziwa Tanganyika, Ruanda-Urundi (leo Rwanda na Burundi), na ng'ambo ya mpaka katika Rodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Ndiyo sababu mjukuu anapouliza habari za ukoo wake hujibiwa mara nyingi kwa maneno matatu tu, "Alikuja kutafuta kazi", na nyuma ya maneno hayo hakuna anayejua kitu.

Ninaeleza hapa njia niliyoipitia mwenyewe nikimtafuta nkambo wangu, yaani babu mzaa baba, pamoja na mambo ambayo yangeniokolea miezi mingi kama ningeyajua mapema. Swali lililonifaa kuliko mengine yote ni hili: katika kila kipindi cha maisha yake, ni nani aliyekuwa na sababu ya kuandika jina lake? Kampuni ilimwandika kwa sababu ilimlipa na kumlisha, serikali kwa sababu ya kodi, kanisa kwa sababu ya sakramenti, na baraza kwa sababu ya mahari na magomvi. Ukijua nani aliandika na kwa nini, utajua pia mlango wa kubisha.

Hatua ya kwanza: wazee walio hai

Karatasi husubiri, wazee hawasubiri. Kabla ya kwenda ofisi yoyote, nenda kwa shangazi, kwa mjomba, kwa jirani wa zamani wa kambini, hata kama familia inasema kwamba kumbukumbu zake zimechoka. Omba ruhusa ya kurekodi sauti kwa simu, kisha usiulize maswali mapana kama "Nkambo alikuwa mtu wa namna gani?" Uliza vitu vidogo vinavyoshikika: poshio, yaani chakula cha kampuni, mlikuwa mkichukua wapi, kapita (msimamizi) wake aliitwa nani, jirani wa mlango wa kushoto alikuwa mtu wa wapi, mtoto aliyekufa mkiwa katika kambi ile alizikwa wapi, padri aliyekuja nyumbani aliitwaje. Shangazi yangu alikuwa amesahau mwaka wa kuhamia Lubumbashi, lakini alikumbuka vizuri kwamba walishuka kwenye treni akiwa amebeba kuku na kwamba mama yake alikuwa mjamzito wa mdogo wake. Mdogo huyo alikuwa na cheti cha ubatizo, na kwa cheti hicho tuliupata mwaka.

Mzee asiyejua mwaka hujua tukio. Mwulize kama jambo lilitokea kabla au baada ya mafua makubwa ya 1918, ya mgomo wa wafanyakazi wa Union Minière wa Desemba 1941 ulioishia kwa risasi, ya kujitenga kwa Katanga kulikoanza Julai 1960 na kwisha Januari 1963, au ya mwaka 1972, watu walipolazimishwa kuacha majina ya Kikristo. Ukipata "kabla" na "baada" kwa matukio mawili, tayari una miaka michache tu ya kupekua.

Jihadhari sana na maneno ya undugu, kwa maana hapa ndipo watafutaji wengi hupotea. "Baba" anaweza kuwa ndugu wa baba, "mama" anaweza kuwa dada wa mama, na "nkambo" anaweza kuwa mtu yeyote wa kizazi kile. Uliza wazi: je, walitoka tumbo moja? Aliyemzaa ni yeye, au alimlea tu? Tena ujue ukoo unafuatwa upande gani. Kwa Waluba, wa Katanga na wa Kasai, mtoto huhesabiwa kwa baba. Kwa Wabemba, Walamba na Wakaonde huhesabiwa kwa mama, na mwenye neno katika urithi ni mjomba. Mjukuu wa Mlamba anayefuata mstari wa baba peke yake ataandika mti mrefu ambao wazee wake hawatautambua kuwa ukoo wao.

Hatua ya pili: sanduku la nyumbani

Karibu kila familia ina sanduku, begi au kopo la biskuti lenye karatasi zilizokunjwa. Omba kuliona, piga picha ya kila ukurasa pande zote mbili, na urudishe kila kitu mahali pake mbele ya mwenye sanduku. Usiombe kuchukua. Karatasi zilizoazimwa ndizo zinazopotea, na nyumba moja ikishapoteza, nyumba nyingine zote zitakufungia mlango.

Hazina kubwa unayoweza kuipata humo ni kitambulisho cha kikoloni, kile kijitabu kilichoitwa *livret d'identité*. Cha nkambo wangu kilikuwa na jalada lililoliwa na mende kwenye pembe, na kurasa zake zilikuwa zimegandamana kwa unyevu, ikabidi tuzitenganishe polepole kwa ukingo wa kadi nyembamba. Ndani kulikuwa na jina lake, jina la baba, jina la mama, kijiji, sheferi (eneo la chifu) na teritwari (wilaya), halafu mihuri ya waajiri mmoja baada ya mwingine. Muhuri mmoja, uliofifia hadi tukausoma kwa kuuinamisha kwenye mwanga wa dirisha, ulionyesha kwamba alifanya kazi Jadotville, Likasi ya leo, ambako hakuna mtu nyumbani aliyewahi kusikia kwamba aliishi. Kwa hiyo usitosheke na ukurasa wa kwanza wenye jina. Mihuri ndiyo inayosimulia safari.

Tafuta pia kitabu cha kazi, kadi ya kliniki ya mama na mtoto, vyeti vya shule, karatasi za pensheni, barua, na picha zenye maandishi nyuma. Ikiwa nkambo alikuwa karani, mwalimu au muuguzi, huenda ana *carte du mérite civique*, kadi ya sifa ya uraia iliyoanza kutolewa mwaka 1948, au karatasi za *immatriculation* za kuanzia 1952, zilizompa Mwafrika hadhi ya kisheria iliyokaribia ya Mzungu. Hati hizo ziliombwa kwa maandishi na mwombaji alichunguzwa, kwa hiyo mwenye kuzipata aliacha karatasi nyingine nyuma yake.

Hatua ya tatu: majina yaliyobadilika

Kabla hujafungua daftari lolote, andika orodha ya namna zote ambazo jina linaweza kuwa limeandikwa. Karani aliandika alichosikia, na aliandika kwa sikio la Kifaransa au la Kiflamandi. Tshibangu ni Cibangu ni Chibangu. Ngoie ni Ngoy ni Ngoi. Kyungu ni Kiungu. Herufi "l" na "r" hubadilishana, "u" huandikwa "ou" katika hati za zamani, na herufi ya pua mwanzoni mwa jina huanguka kabisa. Katika daftari lililopangwa kwa alfabeti, jina moja linaweza kukaa mahali patatu.

Majina yenyewe nayo yanasema. Ukikuta Kabange katika familia ya Kiluba cha Katanga, tafuta Kyungu aliyezaliwa naye, kwa kuwa hayo ni majina ya mapacha. Kwa Waluba wa Kasai ni Mbuyi na Kabanga. Mtu aliyeandikwa Shambuyi huenda hakupewa jina hilo utotoni, kwa maana lina maana ya baba yake Mbuyi, na ubatizo wake unaweza kuwa umeandikwa kwa jina jingine kabisa. Mtoto aliyepewa jina la mzee, yule tunayemwita "majina" yake, hukuelekeza kwa mzee huyo, lakini pia hukufanya uwachanganye watu wawili wa vizazi tofauti.

Kuhusu 1972: kabla ya mwaka huo utamkuta mtu kama Joseph Ilunga, na baada yake huyohuyo ni Ilunga pamoja na jina la pili lililochukuliwa kwa babu, kijiji au ukoo. Wengi walirudia majina ya ubatizo baadaye. Usiseme "huyu si yeye" kwa sababu jina la Kikristo halipo.

Mahali nako kulibadilika. Élisabethville ilipata kuwa Lubumbashi mwaka 1966. Jadotville ni Likasi, Albertville ni Kalemie, Luluabourg ni Kananga, Bakwanga ni Mbuji-Mayi, Port-Francqui ni Ilebo, Costermansville ni Bukavu. Katanga iliitwa Shaba katika miaka ya Zaire hadi 1997, na tangu 2015 imegawanyika kuwa Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Katika karatasi za wakati wa Mobutu, "région" ni jimbo, "zone" ni teritwari au komini, na "collectivité" ni sheferi au sekta. Andika jina la wakati wa hati na jina la leo, yote mawili, kila mara.

Hatua ya nne: parokia

Kwa familia za Kikatoliki, daftari la ubatizo ndilo ushahidi ninaoutegemea kuliko mwingine wowote, na sababu yake iko pembeni mwa ukurasa. Tangu agizo la Roma la mwaka 1907 liitwalo *Ne Temere*, ndoa ya Mkatoliki inapofungwa popote, paroko aliyeifunga hupeleka taarifa kwenye parokia ya ubatizo ili iandikwe kando ya jina la mhusika. Kwa hiyo mstari mmoja wa ubatizo unaweza kubeba kipaimara, ndoa, upadrisho au nadhiri za utawa, ingawa mambo hayo yalitokea mbali na yalitengana kwa miaka mingi.

Madaftari ya zamani yako kwa Kilatini, lakini maneno yake ni machache. *Filius* au *filia* ni mwana wa kiume au wa kike, *patrinus* na *matrina* ni wasimamizi wa ubatizo, *matrimonium* ni ndoa, *obiit* ni alikufa. Omba usomewe au unakiliwe mstari mzima pamoja na maandishi ya pembeni. Cheti cha kawaida kinachotolewa parokiani kwa ajili ya shule au ndoa huacha mambo mengi nje, na katibu hatayaongeza usipoomba.

Katika kisa chetu, pembeni mwa ubatizo wa nkambo palikuwa na maneno manne kwa wino hafifu: ndoa, tarehe, Jadotville, na jina la mke ambaye si nyanya yetu. Tulinyamaza wote pale mezani. Tulikwenda Likasi, na daftari la ndoa likatupa majina ya wazazi wa pande zote mbili pamoja na parokia ya ubatizo ya bibi harusi. Ndipo tulipojua kwamba nkambo alifiwa na mke wa kwanza kabla ya kuoa nyanya. Tulijua pia kwamba mtu aliyeandikwa pale kuwa baba yake alikuwa ndugu mkubwa wa baba, yaani yeye aliyetoa mahari. Kitambulisho kilikuwa na jina la baba mzazi, na shangazi ndiye aliyetufafanulia tofauti hiyo. Karatasi zote mbili zilisema kweli, kila moja kwa swali lake.

Ikiwa daftari la parokia liliungua au liliporwa, usikate tamaa mapema. Sheria ya Kanisa ya 1917 ilitaka nakala ya madaftari ipelekwe kila mwaka kwenye ofisi ya askofu, kwa hiyo uliza jimboni. Ujue pia nani alihudumu wapi: mjini hapa Wabenediktini walifika 1910 na Wasalesiani 1911, Kasai ilikuwa ya mapadri wa Scheut tangu 1891, upande wa ziwa Tanganyika, kuanzia Mpala mwaka 1885, ni Mapadri Weupe, Kongolo ni mapadri wa Roho Mtakatifu. Familia za Kiprotestanti zianzie kwa Wamethodisti, waliokuwa na misheni kubwa Kapanga, Kamina na Mulungwishi, au kwa Garenganze, misheni iliyoanzia Bunkeya alipofika mmisionari Arnot mwaka 1886.

Nenda parokiani siku ambayo si ya misa kubwa, peleka barua fupi inayoeleza wewe ni nani kwa huyo unayemtafuta, na toa mchango ukipewa huduma. Usiguse daftari kwa mikono yenye jasho, wala usilazimishe kufungua ukurasa ulioganda.

Hatua ya tano: kampuni

Kuanzia miaka ya 1927 na 1928 Union Minière iliacha kutegemea watu wa mikataba mifupi, ikaanza kuwaweka wafanyakazi kambini pamoja na wake zao. Badiliko hilo lina maana kubwa kwa mtafutaji. Mke na mtoto walikuwa na haki ya poshio, kliniki na shule, kwa hiyo kampuni ilitaka kujua mke ni nani, ndoa ilifungwa wapi, na kila mtoto alizaliwa lini. Mwanamke ambaye serikali haikumwandika popote, kwa sababu hakudaiwa kodi, anaweza kuonekana wazi katika karatasi ya mumewe kazini. Kwa familia nyingi za mji huu, hii ndiyo njia pekee ya kulipata jina la nyanya wa nyanya kwa maandishi.

Kitu cha kwanza cha kutafuta ni nambari ya kazi, ile matrikule. Majina yanafanana na yanabadilika, nambari haibadiliki. Wazee wengi waliikariri, na wake zao pia. Mwulize bibi kizee nambari ya mumewe, na usishangae akiitaja bila kufikiri. Iangalie katika kitabu cha kazi, katika karatasi za malipo na za pensheni. Union Minière ilitaifishwa tarehe 1 Januari 1967, na kampuni ya dola iliyoirithi ndiyo iliyokuja kuitwa Gécamines, kwa hiyo maombi ya familia yaandikwe kwa idara ya wafanyakazi ya Gécamines. Kwa aliyefanya kazi kwenye kampuni ya reli ya BCK, mrithi wa kampuni hiyo ni SNCC, shirika la reli la taifa. Kwa walioajiriwa au kustaafu baada ya 1961, uliza pia katika INSS, mfuko wa pensheni na hifadhi ya jamii, ambao leo unaitwa CNSS.

Kabla ya kampuni kuna mwandikishaji. Tangu 1910 *Bourse du Travail du Katanga*, shirika la kuandikisha wafanyakazi, ilikuwa ikikusanya vijana vijijini na kuwapeleka machimboni, na watu wa Rodesia ya Kaskazini walikuja kwa mkono wa Robert Williams na kampuni yake. Ukijua nani alimwandikisha, unajua njia aliyopita. Wala usisahau *Mwana Shaba*, jarida la wafanyakazi lililoanzishwa 1957: majirani wa Cité Gécamines bado wanatunza matoleo yake, na thamani yake kwako ni kuona watu wa kambi ile na mambo yao kwa jicho la wakati ule.

Hatua ya sita: komini, mahakama na baraza

Hapa nitakuwa mfupi. Hati ya kuzaliwa ya komini ni nzuri kwa vizazi vya karibu. Sheria ya Familia ya 1987, iliyorekebishwa 2016, inampa mzazi siku 90 za kutangaza kuzaliwa kwa mtoto, na aliyechelewa hutafuta *jugement supplétif*, hukumu inayoshika nafasi ya hati ya kuzaliwa, mahakamani. Ukiipata hukumu kama hiyo, kumbuka kwamba ilitegemea maneno ya watu waliosimama mbele ya hakimu miaka mingi baadaye. Majina yake yaaminike kuliko tarehe zake. Tarehe ya 1 Januari, na maneno *né vers* ("alizaliwa karibu na mwaka fulani"), ni makadirio.

Lililo tajiri zaidi ni madaftari ya mabaraza ya kimila yaliyotambuliwa kwa dekreti ya 15 Aprili 1926, na ya mahakama za miji ya Waafrika iliyoitwa *centre extra-coutumier*. Kesi ya mahari au ya urithi hutaja mjomba, shangazi, kijiji na mashahidi, mambo ambayo hati ya kuzaliwa haiyajui.

Hatua ya saba: kijijini na kwa jamaa waliotawanyika

Ukiwa na kijiji, sheferi na teritwari, tafuta kwanza watu wa kijiji hicho hapa mjini, kwa maana karibu kila eneo lina umoja wake Lubumbashi na mzee wake anayejua njia. Peleka salamu kabla ya kusafiri. Kijijini anza kwa chifu, na usitaje mashamba wala urithi, kwa sababu mgeni anayeuliza ukoo huku akitazama ardhi hujibiwa uongo kwa adabu.

Familia zenye asili ya Kasai zina jambo la ziada. Miaka ya kujitenga, na tena 1992 na 1993, watu wengi walilazimika kuondoka Katanga kwa haraka, na karatasi ziliondoka nao au zilibaki kwa majirani. Jamaa walio Mwene-Ditu, Mbuji-Mayi au Kananga wanaweza kuwa na nusu ya sanduku lenu. Uliza kwa upole. Si kila mtu anayeweza kuisimulia safari ile.

Hatua ya nane: ng'ambo

Andika nje baada ya kumaliza haya, ukiwa na jina katika tahajia zake zote, nambari, mahali na miaka. Nyaraka za makao makuu ya Union Minière ziko katika Hifadhi ya Taifa ya Ubelgiji mjini Brussels, na huko ndiko zinakohamishiwa pia nyaraka za utawala wa kikoloni zilizokuwa Wizara ya Mambo ya Nje. Mashirika mengi ya kimisionari yameweka zake KADOC, kituo cha nyaraka kilichoko Leuven, Ubelgiji. Za Wamethodisti ziko Chuo Kikuu cha Drew, Marekani. Na kwa waliotoka upande wa pili wa mpaka, kuna Hifadhi ya Taifa ya Zambia, Lusaka. Watoto waliozaliwa na baba Mzungu na kuchukuliwa kwa mama zao, jambo ambalo waziri mkuu wa Ubelgiji aliliombea radhi tarehe 4 Aprili 2019, wana faili zao, na Hifadhi hiyo ya Brussels husaidia familia kuzitafuta. Faili ya mtu binafsi haifunguliwi kwa kila anayeomba, basi ambatisha hati zinazoonyesha undugu wako naye. Tovuti ya kutafuta nasaba iitwayo FamilySearch ni ya bure. Itazame kabla ya kumlipa mtu yeyote anayejigamba kwamba atakutafutia.

Hatua ya tisa: kuandika ulichopata

Tenga karatasi moja kwa mtu mmoja. Kwa wino andika kilichosomwa katika hati, na kando yake hati hiyo ni ipi, iko wapi, ulisoma lini. Kwa penseli andika kilichosemwa kwa mdomo, na jina la aliyesema. Hati mbili zikipingana, usifute moja. Ziache zote, kisha jiulize ni ipi iliyoandikwa karibu zaidi na tukio, na mwandishi wake alitaka kujua nini. Mambo ya aibu au ya maumivu, kama mtoto wa nje au mke aliyefichwa, yafikishe kwanza kwa mkubwa wa familia, aamue yeye ni nani aambiwe na lini. Toa nakala tatu, uziweke katika nyumba tatu tofauti, na moja iwe nje ya Lubumbashi.